Umepitiliza Siku? Vidokezo 12 Kabla Hujamwambia Wifi

Ukikaa kwenye benchi la kliniki ya wajawazito mkoani Singida, iwe Kiomboi, Ilongero au Manyoni, utasikia swali moja likirudiwa kwa kila anayeingia: "Mama, siku zako za mwisho uliona lini?" Majibu nayo ni ya kila namna. "Tulikuwa tunapalilia alizeti, sista." "Ni kabla baba watoto hajasafiri na vitunguu." "Wiki ile ya msiba wa bibi." Nesi anavuta kalenda, na hapo wawili hao wanaanza kufuata nyayo kama watu waliopotelewa na ng'ombe.

Ubaya wa palizi ni kwamba haina tarehe. Alizeti hupandwa mvua zikishika, Desemba na Januari, na mwenye ekari nne anaweza kupalilia mwezi mzima. Kwa mimba changa, wiki moja tu inatosha kukifanya kipimo kilekile kiseme ndiyo au kiseme hapana. Ndiyo maana vidokezo hivi vya kipimo cha mkojo vinaanzia ukutani, kwenye kalenda.

1. Andika tarehe, na iwe ya siku ya kwanza

Siku ya kwanza ya mzunguko ni ile damu inapoanza kutoka kwelikweli, ya kuhitaji pedi au kitambaa. Matone ya kahawia yaliyotangulia hayahesabiwi. Siku uliyokauka nayo haihesabiwi, ingawa wengi wetu ndiyo tunayoikumbuka, maana ndiyo siku ya furaha. Ukianzia hapo hesabu inapotea kwa siku nne au tano, na siku tano kwenye jambo hili ni nyingi.

Kalenda yoyote inafaa: ya parokia, ya msikitini, ya duka la pembejeo. Kama simu yako ni kitochi, andika meseji usiitume, ibaki humo. Na kama nyumba yenu ina macho mengi, weka nukta ndogo tu kwa kalamu. Mtoto akiuliza, mwambie ni siku kuku alipoanza kuatamia. Singida hakuna atakayeshangaa.

2. "Kila tarehe 5" haipo

Kuna dada anayeapa kwamba yeye huona siku zake kila tarehe 5, tangu asome. Tumpe mzunguko wa siku 28 tuone. Akianza Januari 5, atafuata Februari 2, kisha Machi 2, kisha Machi 30. Mara mbili ndani ya Machi! Atakimbilia zahanati kusema damu imemzidi, kumbe mwili wake unakwenda kama saa.

Sasa mpe mwenzake mzunguko wa siku 32. Januari 5, Februari 6, Machi 10, Aprili 11. Huyu ikifika Aprili 5 bila kitu, hapati usingizi, na ana siku sita nzima kabla ya zamu yake. Akinunua kipimo siku hiyo, atakuwa amenunua wasiwasi.

Kwa hiyo hesabu siku, usihesabu tarehe. Kutoka siku ya kwanza ya hedhi moja hadi siku ya kwanza ya hedhi inayofuata, kwa mtu mzima, siku 21 hadi 35 ni kawaida. Kwa binti aliyevunja ungo karibuni, hata 45 si ajabu, kwa sababu mwili wake bado unajifunza. Ukiwa na nukta za miezi mitatu au minne ukutani, utaijua namba yako mwenyewe, na hutaazima ya jirani.

3. Jua kinachochelewa ni nini

Hili nimeona linawashangaza hata waliosoma baiolojia. Hedhi yenyewe mara nyingi haichelewi. Kinachochelewa ni yai. Yai likishatoka kwenye mfuko wake, hedhi hufuata baada ya siku kama 14, na sehemu hiyo ya pili ya mzunguko haibadiliki sana. Sehemu ya kwanza, ya yai kupevuka, ndiyo inayovutika kama mpira. Ukiugua ndani ya wiki mbili tangu hedhi ianze, ukafunga safari ndefu, ukafiwa, yai linaweza kusubiri. Likisubiri wiki, na hedhi itasubiri wiki.

Hapo ndipo zile "siku za hatari" za kuhesabu kwa vidole zinapowaangusha watu. Unadhani yai limeshapita, kumbe ndiyo kwanza linajiandaa.

Siku mbili au tatu, basi, si kuchelewa. Anza kuuliza maswali ikifika siku ya tano hadi ya saba juu ya mzunguko wako mrefu wa kawaida.

4. Mimba ni jibu la kwanza, lakini si la pekee

Kama umekutana na mwanaume na siku zimepita, anza na mimba. Ni busara tu. Ila kabla hujachagua jina la mtoto, jipekue.

Uko kwenye sindano ya uzazi wa mpango? Ile ya miezi mitatu huwanyima wengi hedhi kabisa wakiendelea nayo, na hata baada ya kuacha, uzazi huweza kuchukua miezi tisa au kumi tangu sindano ya mwisho kabla haujarudi. Wako wanaosubiri zaidi. Kijiti cha mkononi nacho huvuruga: mwezi huu matone, mwezi ujao kimya. Damu haijagandia tumboni, kama wanavyokutisha mtaani. Ukuta wa mji wa mimba umekuwa mwembamba, hauna cha kumwaga.

Umemeza P2? Vidonge hivyo vya dharura hufanya kazi hasa kwa kuchelewesha yai, kwa hiyo hedhi inayofuata yaweza kuwahi au kuchelewa kwa wiki moja hivi. Ikipita wiki moja juu ya siku uliyoitarajia, pima. Na ukijikuta unavimeza kila mwezi, ongea na mtoa huduma akusaidie kuchagua njia ya kawaida ya uzazi wa mpango, kwa sababu P2 ni ya dharura, na dharura ya kila Jumamosi si dharura tena.

Unanyonyesha? Mama aliye chini ya miezi sita tangu ajifungue, anayenyonyesha usiku na mchana bila kumpa mtoto uji wala maji, na ambaye hajaona siku zake tangu hapo, ana kinga nzuri, zaidi ya asilimia 98. Vunja sharti moja kati ya hayo matatu na kinga inalegea. Halafu kuna mtego: yai hutoka kabla ya hedhi. Mwanamke anaweza kushika mimba nyingine bila kuona damu hata mara moja katikati, akawa anasema "bado sijaanza kuona siku zangu" huku ana mimba ya miezi mitatu.

Umepungua sana uzito au umeongezeka sana? Miezi ya kabla ya mavuno, ghala likiwa tupu na kazi ya shamba imepamba moto, mwili unaokosa chakula hupunguza matumizi, na uzazi ni wa kwanza kukatwa. Msongo wa mawazo hufanya hivyohivyo. Mwanafunzi wa kidato cha nne anayekaribia mtihani wa taifa, mwanamke aliyefiwa, aliyehamia mji mpya, wote hawa wanaweza kuruka mwezi.

Yako pia magonjwa: tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi au chini ya kiasi, hali ya mifuko ya mayai ambayo madaktari huiita kwa kifupi PCOS, na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili. Aliyefikisha miaka arobaini na tano na joto linampanda usiku ajue mlango wa ukomo wa hedhi umeanza kufunguliwa. Unafunguka taratibu lakini, na katika miaka hiyo mimba bado zinaingia. Muulize yeyote mwenye kitinda mimba.

5. Ipe homoni muda wa kujikusanya

Kipimo cha mkojo kinatafuta kitu kimoja tu, homoni iitwayo hCG. Haitengenezwi siku ya tendo. Yai lililorutubishwa husafiri kwanza, hujipandikiza kwenye ukuta wa mji wa mimba kati ya siku ya 6 na ya 12 baada ya yai kutoka, na hapo ndipo homoni inaanza kudondoka kidogo kidogo kwenye damu, kisha kwenye mkojo. Katika wiki za mwanzo huongezeka maradufu kila baada ya siku mbili au tatu.

Vipimo vingi vya dukani huandikwa 25 mIU/ml kwenye pakiti. Maana yake ni kwamba chini ya 25 kipimo hakioni kitu. Sasa fanya hesabu: tuseme leo mkojo wako una 5, keshokutwa 10, siku ya nne 20, siku ya sita 40. Aliyepima siku ya nne anaambiwa hana mimba. Aliyepima siku ya sita anaambiwa anayo. Ni mwanamke yuleyule, na mimba ni ileile.

Kwa hiyo, kwa mwenye mzunguko unaoeleweka, pima kuanzia siku ya kwanza ya kukosa hedhi, na ukiweza kusubiri wiki moja jibu litakuwa imara zaidi. Kwa asiyejua mzunguko wake, siku 21 tangu mara ya mwisho alipokutana na mwanaume bila kinga. Hizo 21 ziandike kwenye kalenda, usiziweke kichwani.

6. Kununua bila kutangaza

Singida mjini ni mji wa watu kujuana. Muuza duka la dawa, ambaye sote tunamwita dokta hata kama hajawahi kushika kisu cha upasuaji, huenda ni binamu wa mama mkwe wako. Ndiyo maana anayeishi Utemini hununua Ipembe, na wa Ipembe hununua karibu na stendi ya Misuna, akijifanya msafiri.

Hakuna haja ya maelezo marefu. "Dokta, naomba UPT," inatosha, au "kipimo cha mimba" kwa sauti ya kawaida, kama unayeomba panadol. Bei yake ni ndogo, chukua viwili. Kimoja cha leo, kingine cha kurudia.

Kabla hujaondoka, angalia mambo mawili: tarehe ya mwisho ya matumizi, na kama pakiti imefungwa vizuri bila tundu. Unyevu ukiingia kipimo kimekufa. Nyumbani kiweke pakavu na penye ubaridi wa kawaida. Chini ya bati mchana wa Oktoba si mahali pake, na kwenye friji pia hapana.

Na kama hutaki kununua, nenda zahanati au kituo cha afya. Wanapima pia, na mtu wa kukufafanulia jibu yuko hapohapo.

7. Mkojo wa alfajiri

Mkojo wa kwanza wa asubuhi umelala usiku kucha ukikolea, na homoni imejaa humo. Ule wa saa nane mchana, baada ya mtu kunywa maji lita mbili akitoka shambani, umechujuka. Mimba ikiwa ya wiki nyingi tofauti hiyo haina maana, lakini siku za mwanzo ina maana kubwa. Usinywe maji mengi "ili upate mkojo". Unajiharibia.

Kinga mkojo kwenye chombo kisafi na kikavu. Kopo lililobaki na povu la sabuni ya unga linaweza kuchafua jibu. Fungua pakiti pale pale unapotaka kupima, usiifungue jana yake.

Kama ni cha karatasi, kitumbukize wima kwa sekunde zilizoandikwa, mara nyingi chache tu, na mkojo usipande juu ya mstari wenye mishale au neno MAX. Kama ni kile bapa cha plastiki chenye kidirisha, tumia kidondosha-matone kilichomo, matone matatu au manne, kwenye kitundu cha pembeni, si kwenye kidirisha. Kisha laza kipimo mahali bapa na uangalie saa ya simu. Soma karatasi ya maelekezo, kwa sababu kila aina ina dakika zake, ingawa nyingi ni tatu hadi tano.

Dakika tano hizo ni ndefu. Bandika chai.

8. Mistari: mmoja, miwili, na ule wa kujificha

Mstari wa C ni wa kipimo kujithibitisha. Usipotokea, tupa, hata kama mstari mwingine umetokea, maana kipimo ni kibovu. C peke yake ni hasi. C na T ni chanya.

Na T ikiwa hafifu, kama penseli iliyofutwa? Ikitokea ndani ya dakika zilizoelekezwa na ina rangi, ni chanya. Hakuna mimba nusu. Uhafifu unaonyesha homoni bado ni kidogo, basi. Rudia baada ya siku mbili au tatu, uone kama rangi imeiva.

Tatizo ni wale wanaokitupa kipimo kwenye ndoo, wakakipitia tena jioni na kukuta mstari wa kijivu. Baada ya dakika kumi mkojo hukauka na kuacha alama isiyo na maana yoyote. Ndoa zimewahi kutikiswa na mstari wa jioni. Soma kwa wakati wake, piga picha ukitaka, kisha kitupe chooni na usirudi kukichungulia.

Chanya ya uongo ni nadra, lakini ipo. Aliyejifungua au mimba yake kuharibika wiki chache zilizopita bado ana homoni mwilini. Aliyechomwa sindano za kutafuta uzazi zenye hCG pia. Na kuna mimba zabibu, ambayo si mtoto bali ni kondo linalokua ovyo. Ndiyo maana chanya ya nyumbani huthibitishwa kituoni.

9. Chumvi ibaki jikoni

Sukari inaganda, chumvi inatoa povu, dawa ya meno inageuka bluu: meseji hizi zinazunguka kwenye magrupu kila mwaka. Mkojo una tindikali yake, na ukiumwagia kitu chochote utafanya vituko. Hata mkojo wa babu utatoa povu kwenye dawa ya meno.

Nawaelewa lakini wanaojaribu, maana binadamu hawakuanza jana. Wamisri wa kale, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, walimwambia mwanamke akojolee mifuko ya ngano na shayiri. Ikiota, ana mimba. Mwaka 1963 watafiti walijaribu jambo hilo wakakuta mkojo wa wajawazito uliotesha mbegu karibu asilimia 70 ya mara. Si haba kwa teknolojia ya gunia, ila kwa maisha ya mtu, kati ya kumi watatu kukosewa ni wengi. Walidai pia kwamba nafaka inatabiri jinsia ya mtoto. Hapo walichemka.

Miaka ya 1930 ikaja zamu ya chura. Wanasayansi mjini Cape Town waligundua kwamba chura wa maji wa Afrika Kusini, Xenopus laevis, akidungwa mkojo wa mjamzito hutaga mayai kabla siku haijaisha. Chura huyo akasafirishwa hadi hospitali za Ulaya na Marekani, na kwa miaka mingi mwanamke wa London aliambiwa ana mimba kwa kauli ya chura wa Afrika. Cha nyumbani kilikuja baadaye: mwaka 1967 Margaret Crane, mchoraji aliyeajiriwa na kampuni ya dawa huko Marekani kubuni vifungashio vya vipodozi, aliona vipimo vimepangwa maabara akajiuliza kwa nini mwanamke asijipimie mwenyewe. Kilianza kuuzwa Kanada mwaka 1971. Haki ya ubunifu aliisaini kwa dola 1.

Kwa hiyo ukiwa na shilingi za kununua kipimo halisi, usirudi kwenye gunia la shayiri.

10. Hasi, na siku bado hazijaja

Usihitimishe. Rudia baada ya siku tatu, au wiki moja, kwa mkojo wa asubuhi. Ikiwa hasi mara ya pili na hedhi haipo, mimba inazidi kuwa mbali, na sababu za kidokezo cha nne zinasogea karibu.

Miezi mitatu mfululizo bila hedhi kwa mwanamke ambaye kawaida yake ilikuwa ya kueleweka inatosha kumpeleka hospitali. Vilevile binti aliyefika miaka 15 na hajawahi kuona. Ukienda, nenda na nukta zako za kalenda. Daktari atakuuliza hilo kwanza kabla ya kukugusa tumbo.

Katikati hapo kuna kishawishi cha "dawa ya kurudisha siku": mizizi ya kuchemsha, majani ya chai yaliyokolea hadi meusi, vidonge vilivyouzwa bila maelezo. Kama huna mimba, havitatibu tezi wala PCOS. Kama unayo, vinaweza kukumwagisha damu usiku, mbali na hospitali. Na kama umeshavinywa na damu inatoka, nenda kituo cha afya ukaseme ukweli. Huduma baada ya mimba kuharibika ni sehemu ya kazi yao.

11. Mistari miwili: tarehe inaanza kazi

Chukua ile siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ongeza siku saba, kisha ongeza miezi tisa. Ilikuwa Machi 10? Machi 17, halafu Desemba 17. Utajifungua karibu na hapo, wakati wenzako wanapanda, kwa hiyo mapema mweleze mume wako nani atashika jembe. Kanuni hii inakadiria mzunguko wa siku 28. Mwenye 35 asogeze mbele kama wiki.

Tarehe hiyo ndiyo nesi ataandika kwenye kadi, na kila kitu kinaitegemea. Dawa ya kukinga malaria ya SP haitolewi miezi mitatu ya kwanza. Ukuaji wa tumbo hupimwa kwa wiki. Mtoto akichelewa kutoka, uamuzi wa kuanzisha uchungu unahesabiwa kutoka hapo. Usipokuwa na tarehe, omba ultrasaundi mapema, maana ya miezi ya mwanzo hukadiria umri wa mimba vizuri kuliko ya mwezi wa nane.

Anza kliniki kabla ya wiki 12, usisubiri tumbo lionekane. Najua mila yetu ya kuficha mimba changa, kuogopa macho ya watu. Ficha kwa majirani, usifiche kwa nesi. Utapimwa damu, shinikizo, virusi vya Ukimwi na kaswende, utapewa vidonge vya kuongeza damu vyenye asidi ya foliki, ambayo humkinga mtoto na mgongo wazi. Uti wa mgongo hujifunga wiki nne tu baada ya mimba kutungwa, kwa hiyo anayepanga mimba aanze foliki kabla. Pombe, ikiwemo ile ya kienyeji, iwekwe chini. Na kabla ya kumeza dawa yoyote, sema "nina mimba."

Baba watoto, kama unasoma hapa kwa kuchungulia, nenda naye ile siku ya kwanza. Mtapimwa wote.

Ikiwa aliyeona mistari miwili ni binti wa shule, shangazi na mama wakubwa, punguzeni sauti. Mpelekeni kliniki kwanza, kwani mwili mdogo una hatari zaidi. Na tangu Novemba 2021 mlango wa shule haujafungwa: Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 unamruhusu kurudi masomoni baada ya kujifungua.

12. Maumivu ya upande mmoja hayasubiri

Mimba inaweza kutunga nje ya mji wa mimba, mara nyingi kwenye mrija. Kipimo cha mkojo hakijui tofauti: kitaonyesha mistari miwili ileile. Dalili huanza wiki za mwanzo, wengine hata kabla hawajajua wana mimba. Tumbo la chini linauma, pengine upande mmoja, damu inatoka kidogo kidogo ya rangi nzito, kizunguzungu, kuzimia, na wengine maumivu ya ncha ya bega bila kuinua kitu kizito. Mrija ukipasuka, damu humwagikia ndani, na kwa macho huoni kitu.

Mwanamke wa umri wa kuzaa mwenye maumivu hayo na siku zilizopitiliza asipewe maji ya moto na kuambiwa alale. Apelekwe hospitali saa hiyohiyo, hata kama matone yale aliyaita hedhi. Vivyo hivyo kwa mimba yoyote inayotoa damu nyingi, homa kali au maumivu makali.

Kwa maswali ya kawaida, piga 199, kituo cha simu cha Wizara ya Afya. Kwa dharura ya mjamzito, piga 115 ya M-mama, watatafuta gari la wagonjwa au dereva aliyesajiliwa aliye karibu nawe. Namba zote mbili hazikati salio.